Kuwaonjesha Watoto Wadogo Vyakula

 

Mzee mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya sala ya Ijumaa, naye ameghadhibika. Alituambia: "Sheikh, mjukuu wangu hajatimiza miaka 3. Tumempeleka chekechea ya madrasa ajue alifu na adabu. Jana amerudi nyumbani ana boga mpaka masikioni. Namuuliza, mwanangu, umesoma nini? Aniambia wamepika. Mtoto wa kiume! Na chakula chachezewa. Hii si israfu, sheikh?"

Nasi tulimjibu upesi. Tulimwambia ya kuwa israfu ni haramu, na ya kuwa tutakwenda kumkataza mwalimu. Jawabu hilo tulilitoa bila ya kuona wala kuuliza, na hilo ni kosa kubwa kwa mtu mwenye kuitwa sheikh, kwani hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo lenyewe. Kwa kuwa tulilisema mbele ya watu mlangoni mwa msikiti, na wako waliolichukua wakalieneza, yatupasa kulirudi mbele ya watu vilevile.

Tulikwenda Jumatatu asubuhi. Watoto walikuwa 14, mkubwa wao ana miaka 4, na mdogo wao ndiyo kwanza ametimiza 2. Wameketi juu ya mkeka, mikono imekoshwa kwa sabuni, na katikati yao pana sinia. Boga lilikuwa limekwisha kuchemshwa na mwalimu nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtoto hafiki, kisha likapozwa. Kwanza aliwapa kipande kibichi chenye ganda lake wakiguse, wakinuse, wazitazame mbegu. Kisha kila mmoja akapewa kibakuli, kijiko, na kipande kilichoiva akiponde. Mwalimu akapita akiwatilia tui kidogo kidogo, nao wakakoroga. Wakasema Bismillahi kwa pamoja, wakaonja. Wako waliokula wakataka tena. Wako waliogusa kwa ncha ya ulimi wakaacha. Na mmoja, naye ndiye mjukuu wa yule mzee, alikitia kinywani akakitema mkononi mwake.

Tulingojea tuone mwalimu atafanya nini. Alimpangusa mkono, akamwambia: "Vyema, mwanangu, leo umelionja. Siku nyingine utalionja tena." Basi. Hakumgombeza, hakumbembeleza, wala hakumuahidi peremende.

Boga lililotumika halikupata nusu, na mabaki ya vibakuli walipewa kuku wa jirani. Tukajiuliza, israfu iko wapi? Israfu twaijua, nayo ni yale masinia ya biriani yanayomwagwa katika arusi zetu, na sisi masheikh huwa tumeketi hapo hapo, tumekula, tumeomba dua, na tumenyamaza. Kijiko cha boga kilichomwagika mkekani kwa mtoto anayejifunza si israfu, bali ni gharama ya kumfundisha, kama vile wino umwagikao wakati mtoto anapojifunza kuandika.

Huenda msomaji akasema, jambo hili ni dogo, yawaje liandikwe katika karatasi za dini? Twamjibu ya kuwa Mtume (s.a.w.) hakuliona dogo. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto katika malezi ya Mtume, naye ni mwana wa mkewe Ummu Salama. Siku moja alikuwa akila pamoja naye, na mkono wake ukizunguka sahani nzima. Mtume hakumpiga kibao wala hakumuondoa sahanini. Alimfundisha mambo matatu mafupi, ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar alipokuwa mtu mzima alisimulia ya kuwa tangu siku ile huo ndio uliokuwa ulaji wake. Hebu tuangalie, mtoto huyu alifundishwa sahanini, mkono wake umo ndani ya chakula. Hakufundishwa ubaoni.

Na Anas bin Malik, aliyeingia katika kumtumikia Mtume naye ana miaka 10, ametupa khabari iliyo wazi zaidi. Fundi mmoja wa kushona nguo alimwalika Mtume, Anas akafuatana naye. Ukaletwa mkate wa shayiri na mchuzi wenye mung'unye na nyama kavu. Anas akamuona Mtume akizitafuta zile mung'unye pembeni mwa chombo. Basi Anas alisema ya kuwa tangu siku hiyo hakuacha kuipenda mung'unye. Hakuna aliyemwambia aile, wala aliyemuhadithia faida zake. Alimuona ampendaye akiila kwa raha, na yeye akaipenda. Wengi wetu tumeisoma hadithi hii katika mlango wa kumpenda Mtume, na hapo ndipo pake, walakini ndani yake mna ilimu ya malezi ambayo tumeipita mara nyingi bila ya kuisimamia. Baba anayeisukuma mboga pembeni mwa sahani yake, kisha akamwambia mwanawe "kula mboga", asitaraji kutiiwa.

Sasa tuseme juu ya kuchukia chakula, kwani hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Wengi hudhani ya kuwa mtoto anayekataa chakula ni mtoto mwenye kiburi, au amedekezwa, au ana jambo. Katika hadithi iliyo sahihi, Mtume aliletewa katika nyumba ya Bibi Maimuna nyama ya mnyama wa jangwani, katika jamii ya mijusi, aitwaye kwa Kiarabu dhabbu. Alipoambiwa ni nini, aliuinua mkono wake akaacha. Khalid bin Walid akauliza, je, ni haramu? Akajibiwa ya kuwa si haramu, walakini haimo katika nchi ya watu wake, na kwa hivyo nafsi yake haiitaki. Khalid akaivuta akaila, na Mtume akimtazama. Ikiwa mbora wa viumbe nafsi yake ilisita mbele ya chakula asichokizoea, vipi tutamlaumu mtoto wa miaka 2, ambaye kwake yeye kila chakula ni kigeni? Na tena Mtume hakukitia ila chakula kile, wala hakumuonea Khalid kinyaa. Katika tabia zake zinazojulikana ni kuwa hakupata kukiaibisha chakula chochote. Akikitaka hula, asipokitaka huacha.

Waliofanya uchunguzi wa mambo haya katika zama zetu, na katika wao ni Bibi Leann Birch wa Marekani aliyeshughulika nayo miaka mingi, wamekuta ya kuwa mtoto mdogo huweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara 8, mara 10, hata mara 15, kabla ya kukikubali. Khofu ya chakula kigeni huzidi afikapo miaka 2 hivi, yaani wakati anapokwisha kujua kutembea na kuokota vitu mwenyewe, na huenda hiyo ikawa ni hikima ya Muumba ya kumlinda na sumu. Sasa tumtazame mama wa mjini kwetu. Ampa mtoto mchicha mara moja, amekataa. Mara ya pili, amekataa. Mara ya tatu asema, "Huyu hali mchicha," na tangu hapo mchicha haumfiki tena, na jina la "asiyekula mchicha" atakuwa nalo mpaka aoe. Kumbe alibakisha mara chache tu. Yule mwalimu, bila ya kusoma vitabu hivyo, alikwisha kulijua hilo kwa kuwa na watoto kila siku, na ndiyo maana hakukasirika boga lilipotemwa.

Mabaya kuliko kukata tamaa ni kulisha kwa nguvu. Twalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa lafanyika katika nyumba zetu nyingi na katika baadhi ya nyumba za kulelea watoto ambako akina mama wenye kazi huwaacha wana wao. Mtoto hulazwa mapajani, akabanwa mikono, akafungwa pua ili afungue kinywa apate pumzi, na hapo uji ukamiminwa. Akina mama wataka mwana ashibe, na nia yao ni njema. Walakini kinywa hicho kinachofunguka kwa ajili ya pumzi ndicho kinachotiwa uji, na uji huweza kuingia mapafuni, na mtoto akaugua au akafa. Hapana sharia inayompa mzazi au mlezi ruhusa ya jambo lenye hatari kama hiyo. Mtoto ni amana. Mlezi mwenye kufanya hivi akatazwe, na asiyekatazika aondolewe mtoto.

Sisi wenyewe hatukuwa tukila mabamia. Tulipokuwa wadogo tulilishwa kwa namna hiyo, na aliyetulisha, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitupenda kuliko roho yake. Zaidi ya miaka 35 imepita, na harufu ya bamia ikitufikia koo hujifunga. Wiki ya pili tulipokwenda tena chekechea, kwa tulivyoandikiwa, siku ile ilikuwa ya mabamia. Watoto waliyakosha, wakayatazama mwalimu akiyakata, wakashangilia ule utelezi, wakayavuta nyuzi kwa vidole. Yalipokwisha kupikwa, msichana mdogo alitujia na kijiko, akakinyoosha mpaka mbele ya ndevu zetu, na watoto wote wakatutazama. Hapana pa kukimbilia. Tulisema Bismillahi tukala. Hatutasema uwongo kuwa tuliona utamu, walakini tulimeza, na uso tukauweka sawa. Mwalimu alitwambia baadaye ya kuwa lau tungalikunja uso, hapana mtoto ambaye angaligusa siku ile.

Kinyume cha nguvu ni hongo, nayo pia haifai. "Kula boga nikupe biskuti" yamfundisha mtoto ya kuwa boga ni adhabu na biskuti ni zawadi. Na hongo hizi zimekuwa nyingi. Madukani kumejaa vipakiti vya rangi rangi, vya viazi vilivyokaangwa kwa chumvi na vya maji matamu yaitwayo juisi, na mtoto hupelekwa kwa mlezi navyo begini, kwa kuwa mama ana haraka. Hatumlaumu mama mwenye kuamka alfajiri kutafuta riziki. Twamlaumu baba mwenye kutoa pesa za pakiti kila siku kisha akasema boga ni ghali. Na chai, ambayo sisi watu wa pwani twampa mtoto hata hajaota meno, huzuia mwili usiyapate madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na madini hayo ndiyo yatengenezayo damu. Chai si chakula cha mtoto mdogo, hata ikitiwa maziwa.

Qur'ani imetaja miaka 2 kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, na waganga leo wasema ya kuwa miezi 6 ya mwanzo mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, kisha aanzishiwe vyakula laini huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Basi muda wa kufundishwa ladha waanza hapo, na kwa hakika waanza kabla, kwani ladha za vyakula alavyo mama hupita katika maziwa yake. Mwana wa pwani huanza kuijua iliki na kitunguu thomu tangu ziwani mwa mamake.

Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, 18 wamedumaa, yaani kimo chao hakikufikia umri wao. Na katika kaunti zote, iliyozidi ni Kilifi, 37 katika kila 100. Kilifi ni Malindi, ni Mambrui, ni Takaungu, ni Mtwapa, si nchi ya mbali. Hatusemi ya kuwa sababu yake ni kutoonja boga. Ukame, ufukara na maradhi ya tumbo vina fungu kubwa, na wenye mamlaka watajibu mbele ya Mola wao. Walakini liko fungu letu pia. Mchicha, mnavu, majani ya kunde, kisamvu na mchunga vyaota karibu yetu, na mbaazi na pojo zauzwa kwa kibaba. Nasi watu wa mjini twaviita "majani", twasema ni chakula cha watu wa mashambani, na mtoto husikia. Dharau hiyo tumeivisha nguo ya ustaarabu, na katika mwendo wa Mtume haina asili. Yeye dhabbu hakuitaka, na hakuitusi.

Walezi nao wana mambo ya kuangalia. Njugu nzima, korosho nzima na zabibu nzima asipewe mtoto mdogo, kwani humkwama kooni. Zisagwe au zikatwe. Tende itolewe kokwa na ipondwe. Chakula kipya kiletwe kimoja kimoja, na mzazi aulizwe kwanza kama mwanawe hudhuriwa na kitu, mayai, samaki au njugu, maana wako watoto ambao tonge moja huwavimbisha na kuwazuia pumzi. Na vitu vitamu vyenye jelatini vichunguzwe asili yake kabla ya kuingia madrasani.

Asali yataka maneno yake peke yake, kwa sababu tunajua tutapingwa. Qur'ani imeitaja asali kuwa mna dawa ndani yake, nasi twaamini. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe, hata ya kulambishwa. Huweza kuwamo ndani yake mbegu za vijidudu ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, na tumbo la mchanga haliwezi, zikatoa sumu ya kulegeza viungo na kuzuia pumzi. Mwenye kusema "vipi dawa iliyotajwa na Mola idhuru?" twamuuliza, je, yeye humpa mchanga wa siku 3 nyama kwa kuwa nyama ni halali? Dawa ina wakati wake na mtu wake. Na katika kumlainishia mtoto mchanga kaakaa, Mtume alitumia tende, kama alivyomfanyia Abdullah bin Zubeir, mtoto wa kwanza wa Muhajirina kuzaliwa baada ya kuhamia Madina. Mwenye kuitaka suna hii atosheke na tende, iliyolainishwa kwa mikono safi, kwa kupaka tu.

Tulirudi kwa yule mzee tukamueleza yote haya, na tukamuomba radhi kwa jawabu letu la kwanza. Alisikiliza, kisha akasema: "Kuonja, sheikh, nimekubali. Lakini mwiko asishike. Yeye ni mwanamume." Tulimwambia ya kuwa Bibi Aisha aliulizwa Mtume hufanya nini nyumbani mwake, akajibu ya kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukiingia hutoka kwenda kusali. Tukamwambia tena ya kuwa masufuria ya biriani ya arusi zetu hupikwa na wanaume wenye ndevu, na hapana aliyewahi kuwacheka. Akanyamaza, hakusema ndiyo wala la. Mjukuu wake bado anakwenda chekechea, na khabari tuliyoipata kwa mwalimu ni kuwa boga amekwisha kulionja mara 5, na mara ya tano alimeza.

Mwalimu naye ana suala lake alilotutuma. Auliza, ikifika Ramadhani, je, aendelee na kazi hii mchana, na yeye amefunga? Jawabu ni kuwa watoto hawa hawana lazima ya kufunga, na chakula chao kisikatizwe. Ama yeye kuonja kwa ulimi ili ajue chumvi au moto wa chakula, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wamelichukia kwa mwenye kufunga pasipokuwa na haja, na penye haja wameruhusu, nao wamempigia mfano mama amtafuniaye mwanawe chakula. Basi na aonje, ateme, asimeze kitu, na saumu yake ni sahihi. Na kama yuko karibu mtu asiyefunga kwa udhuru wake, huyo na aonje badala yake, ni bora zaidi.

Wallahu a'lam.